Huyu Naye Anataka Kubadili Pikipiki

Mmh! Jamani, ulimi wangu umeota sugu kwa kusonya. Mtu ana pikipiki inayofika Mbeya bila kukohoa, ameshamaliza kuilipia, ina karatasi zake zote, inawaka kwa kubonyeza tu, halafu anakuja kijiweni kakunja uso utadhani kafiwa, anatangaza: "Wazee, nataka kuibadili." Kuibadili kwa lipi? "Basi tu, nimeichoka." Haya. Na yenyewe ingekuwa na mdomo, sijui ingesema imechoshwa na nani.

Wala msidhani nawasema vijana wetu wa bodaboda. Wao wakibadili pikipiki, ujue ile ya kwanza imekufa, matanga yamekwisha, na spea zake wamegawana wenzao. Nawasema wale wazee wa Jumamosi. Mnawajua, msinitolee macho. Wanapita alfajiri barabara ya Bagamoyo wameongozana, jaketi nene lenye vikinga viwiko katika joto hili la Dar es Salaam, buti hadi magotini, masanduku matatu ya alumini, na taa za ziada za kummulikia shetani. Jumatatu hadi Ijumaa ni mameneja, mawakili na wauza nondo. Jumamosi wamekuwa wavuka majangwa. Wanavuka hadi Msata, wanakula mishkaki, wanapiga picha wamekunja mikono kifuani, saa nane mchana wako nyumbani wamejilaza.

Sina ugomvi nao, Mungu anisamehe. Pikipiki kubwa ya safari ndefu ni kitu cha haja, na ikipita mbele ya kijiwe hata shingo yangu hii yenye baridi yabisi hugeuka yenyewe. Kinachonitoa roho ni huu ugonjwa wao wa kubadili. Hawajaimaliza hii, jicho liko kwenye ile.

Wa kwetu hapa tumwite Bosi, maana ndivyo muuza kahawa anavyomwita hata siku anayokunywa kwa mkopo. Anayo BMW R 1250 GS. Injini ya CC 1254, silinda mbili zimechomoza moja huku moja kule, nguvu za farasi 136, haina cheni ya kupaka grisi, inasukumwa na shafti. Watoto wa mtaa wakiisikia tu wanaacha mpira. Basi kila jioni Bosi anaipaki pale kwenye kivuli cha mwarobaini, anaketi, anavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeonewa, anauliza: "Hivi nikitoka kwenye hii, niende wapi?"

Hee! Swali hilo ulitupe kijiweni kwetu? Muuza kahawa, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alijibu kabla kikombe hakijajaa: "Honda, Bosi. Ukitoka hapo ni Honda." Mzee wetu wa drafti, aliyeendesha malori ya kwenda Tunduma hadi macho yakamgomea, hakuinua hata kichwa: "Achana na magurudumu mawili, mwanangu. Tafuta Land Cruiser, utakuja kunishukuru." Kijana wa bodaboda akamtajia Boxer ya CC 150, tena bila utani wowote, akamtolea na hesabu ya matumizi ya mafuta. Mwalimu mstaafu akasema uza, lipa ada za watoto, panda daladala. Wote wanne wakasema kwa pamoja, wote wanne wakaapa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukalia pikipiki inayozidi CC 150. Lakini nani atawaambia? Nchi hii kila mtu ni bingwa wa mambo matatu: kikosi cha Taifa Stars, dawa ya mgongo, na chombo cha mwenzake.

Mimi lawama zangu za kwanza nazipeleka mbali kabisa, kwa bwana Ewan McGregor na mwenzake Charley Boorman. Hao ndio waliotuharibia watu. Mwaka 2004 walitoka London wakaenda New York kwa kupitia mashariki, Kazakhstan, Mongolia, Siberia huko, juu ya BMW R 1150 GS, kamera zikiwafuata. Mwaka 2007 wakarudi tena, safari hii kutoka ncha ya Uskoti mpaka Cape Town, wakapita Kenya, wakapita na kwetu hapa. Tangu siku hiyo, dunia nzima, kila mwenye kitambi na mkopo wa benki akajiona yeye ndiye aliyebaki nyuma ya kamera.

Lakini kuna sehemu moja ya safari ile ya kwanza ambayo hawa wazee wa Jumamosi huwa hawaioni, sijui kwa nini. Kule Mongolia pikipiki ya mpiga picha wao, Claudio von Planta, ilipata kilema cha fremu. Sasa ufanyeje, uko katikati ya nyika, gereji ya kwanza iko ng'ambo ya upeo? Wakamnunulia palepale pikipiki nyekundu ya Kirusi, Izh Planeta, silinda moja, kitu ambacho ukikipaki mbele ya kijiwe hiki hakuna atakayekuuliza bei. Akaendelea nayo kwenye matope yaleyale yaliyokuwa yakiwalaza wenzake chini na mizigo yao. Nilimuuliza Bosi kama sehemu hiyo aliiona. Akasema nadhani hapo simu ililia.

Na wenyewe kina McGregor wameshaondoka huko! Mwaka 2025 wameonekana tena wanazunguka Ulaya na pikipiki kuukuu za miaka ya 1970. Walioambukizwa ndio wamebaki na homa.

Halafu kuna yule dada wa Kiholanzi, Noraly Schoenmaker. Mtaalamu wa miamba, kaacha kazi, kapanda Royal Enfield Himalayan kutoka India hadi kwao Uholanzi peke yake. Baadaye kalizunguka bara letu hili na Honda CRF300 Rally, CC 286. Narudia kwa wenye masikio mazito: mia mbili themanini na sita. Jangwa, msitu, vivuko vya mitumbwi, mpaka kwa mpaka. Nilipomtaja kijiweni, Bosi akaguna, akasema, "Yule ni mwepesi." Eti yule ni mwepesi! Sawa, kumbe basi tunajua tatizo liko wapi, na haliko kwenye pikipiki.

Tuje kwenye uzito, maana hapo ndipo kiini cha maneno. R 1250 GS, mafuta yakiwemo, ni kilo 249. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Pigeni hesabu wenyewe: mifuko mitano kasoro kilo moja, kabla hujafunga masanduku, kabla Bosi hajapanda na supu yake ya asubuhi. Ikiwa inatembea, huuhisi uzito huo, inateleza tu, raha mustarehe. Kazi ni ikisimama. Kazi kubwa zaidi ni ikilala.

Na ililala, jamani. Kituo cha mafuta, mchana kweupe, foleni ya bajaji inatazama. Bosi aliteremsha stendi kwenye kokoto, akajigeuza kuchomoa pochi, stendi ikazama polepole na chombo chote kikaenda chini kwa heshima zote. Basi akavua kofia, akafanya ile namna aliyoiona kwenye video: unaipa pikipiki mgongo, unachuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kichuma cha nyuma, unasukuma kwa miguu huku unarudi kinyumenyume. Namna yenyewe ni ya kweli, inafanya kazi, mimi nimeiona ikifanya kazi kwa mwanamke mwembamba kabisa. Ila inataka magoti. Bosi alisukuma mara ya kwanza, kikasikika kitu kinachanika. Pikipiki haikuwa imechanika. Vijana wawili wa bodaboda wakaja wakainyanyua, wakamdai elfu tano kila mmoja, na mmoja wao akampa shuka la kimasai ajifunge kiunoni hadi nyumbani.

Sasa mtu aliyepatwa na hayo ungetegemea aseme nini? Aseme natafuta nyepesi. Thubutu! Chaguo lake la kwanza kutuletea kijiweni lilikuwa R 1300 GS, ile mpya iliyotoka mwaka 2023. Anatoka kwenye GS kwenda kwenye GS! Na anajitetea: "Hii imepungua, ni kilo 237." Kilo kumi na mbili, jamani. Mtu yuko tayari kuongeza mamilioni juu ya mamilioni ili apunguze kilo kumi na mbili, na chapati za asubuhi anakula nne. Mwalimu mstaafu alitoa kalamu akataka kumpigia hesabu ya kila kilo moja inamgharimu shilingi ngapi, tukamzuia, maana presha za watu si za kuchezea.

"Na nguvu zimepanda," Bosi akaongeza, "farasi 145." Aka! Hao 136 wa sasa umewapeleka wapi? Toka hapa mpaka Segera kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya kila mwembe wa tatu kuna afande na tochi yake. Farasi 136 wanatembea kwa adabu, mmoja nyuma ya mwingine, wanamwamkia trafiki shikamoo. Ukiongeza tisa nao watapanga foleni hiyohiyo.

Basi zikaanza kutajwa moja moja, na kila iliyotajwa ikapata wakili na mwendesha mashtaka papo hapo. Kuna aliyempelekea wazo la Honda Gold Wing, silinda sita, CC 1833, redio ndani. Kusikia redio, muuza kahawa akaunga mkono. Lakini ile ikifungwa na masanduku yake ni kilo 380 hivi, mifuko saba na nusu ya saruji na chenji juu, na nzito kiasi kwamba wenyewe Wajapani wakaona waiwekee gia ya kurudi nyuma. Mzee wa drafti alisikia hilo akaweka kete chini. "Pikipiki ina rivasi?" Akaomba aambiwe tena. Kisha akasema kitu cha haki kabisa: hiyo ni ya nchi ambayo lami haikatiki, na nyumbani kwenu Mlalo ukitoka lami utaiacha kwa watu.

Africa Twin ilizua ugomvi wa aina yake. Hii Honda waliitoa mwaka 1988, katikati ya kushinda mbio za Paris–Dakar miaka minne mfululizo, toka 1986. Ya siku hizi ina CC 1084, na ipo ya kuchagua isiyotaka klachi, gia zinaingia zenyewe. Kijana wa bodaboda akauliza, kwa upole kabisa, mbona inaitwa ya Afrika na yeye yuko Afrika tangu azaliwe hajaiona ikibeba hata gunia la mkaa. Kimya. Na ukweli ndio huo: Afrika yenyewe inapanda Boxer na TVS, inabeba kreti za soda, godoro, mbuzi na bibi harusi, na haijawahi kumwita mtu wa kamera.

Yamaha nao wana Ténéré, jina la jangwa la kule Niger, tangu mwaka 1983. Hii ya sasa ya CC 689, iliyoanza kuuzwa mwaka 2019, ndiyo watu wenye akili zao huwa wanaitaja mapema: kilo 204 hivi, nyaya chache, tairi za spoki zenye tyubu ambazo fundi yeyote wa pancha kuanzia hapa hadi Kigoma anajua kuzibandika kiraka. Bosi akachangamka. Lakini siti yake iko juu, milimita 875. Hapo ndipo seremala wa jirani alipofanya kitendo ambacho mpaka leo sijui nimsifu au nimlaani. Alikuja na futi yake ya chuma, akamsimamisha Bosi kwenye nguzo ya umeme, akampima urefu wa mguu kwa ndani, mbele za watu, mbele ya mama ntilie, na akasoma kwa sauti: "Sentimita sabini na nne!" Toa kwenye themanini na saba na nusu. Kijiwe kizima kikatoa kwa sauti, mwalimu akithibitisha. Bosi alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo na ilikuwa ya moto.

Royal Enfield Himalayan 450 ilikuwa na siti ya kumfaa, milimita 825, kilo 196, bei ya mtu mzima mwenye kufikiri. Tukadhani tumefika. Akauliza nguvu. Farasi 40. Lo! Mngeona uso. "Mimi? Farasi arobaini? Nikifika Msata wenzangu watanionaje?"

Ndiyo hiyo sasa. Imetoka yenyewe, hatukumfinya. Miezi yote hii tunaumiza vichwa kutafuta pikipiki ya kumfikisha Lushoto, Mikumi, Sumbawanga, kumbe inatafutwa ya kumfikisha kwenye maegesho ya mishkaki ya Msata. Kwa safari hiyo ya pili hakuna pikipiki inayotosha, maana kila Jumamosi mwenzako mmoja anaweza kuja na kubwa zaidi. Na ndivyo ilivyokuwa, tulikuja kuambiwa baadaye: kuna wakili wa mtaa wa pili alikwenda na kitu kipya, watu wakakizunguka, GS ya Bosi ikasimama pembeni peke yake.

Mimi kama ningeulizwa, na sikuulizwa, ningemtajia Suzuki V-Strom 650. Ipo tangu mwaka 2004, tenki la lita 20, injini isiyojua kuugua, siti ya binadamu wa kawaida. Kosa lake ni kwamba haigeuzi shingo ya mtu. Hakuna aliyewahi kuiota usiku. Nilipoitaja, watu walikohoa wakahamia habari ya Simba na Yanga.

Ngoja niwape na hili la fundi wa pancha, maana hili ndilo lililoniongezea mvi. Bosi alikuwa na mashtaka matatu juu ya GS yake. La kwanza, inayumba kwenye kona, imekuwa nzito, haitii. La pili, upepo unampiga kichwani hadi masikio yanavuma siku mbili. La tatu, miguu haifiki chini vizuri. Ukimsikiliza unaona kweli, mtu huyu anateseka, abadilishe tu.

Fundi wetu ni mtu wa maneno machache. Ana kompresa, beseni la maji ya kutafutia tundu, na kipimo cha upepo alichokifunga kamba shingoni asiibiwe. Siku hiyo alinyanyuka kwenye kigoda bila kuitwa, akachuchumaa kwenye tairi la nyuma, akabonyeza kipimo. Akatuonyesha sisi kwanza, kisha Bosi. Ishirini na sita. Ukibeba mizigo na mtu nyuma, tairi lile linataka arobaini na mbili. "Umejaza lini, Bosi?" Bosi akawaza. "Si walijaza gereji siku ya sevisi?" Sevisi ilikuwa kabla ya mfungo, na wakati huo tulikuwa tumeshachinja Idi ya pili. Fundi akasonya, msonyo wa kitaalamu, mrefu, ulioanzia kwenye meno ya nyuma. Akajaza. Kisha akashika kirungu kilicho pembeni ya kioo cha mbele, akakizungusha, kioo kikapanda taratibu. Bosi akauliza, "Kumbe hiyo inazunguka?" Yarabi! Miaka anayo! Tulidhani kaishia hapo, akainua siti, akaonyesha kwamba ina ngazi mbili, ya juu milimita 870 na ya chini 850, na kwamba Bosi tangu anunue kaifunga ya juu. Akaishusha. Akadai shilingi elfu mbili, za upepo tu, hayo mengine akasema ni sadaka.

Bosi akaizungusha mpaka njia panda na kurudi. Alirudi meno yote nje. "Imekuwa nyingine kabisa! Haiyumbi, upepo hamna, miguu chini!" Tukapongezana, muuza kahawa akamimina raundi. Mzee wa drafti akasema Alhamdulillahi, sasa tutacheza kwa amani.

"Lakini," Bosi akasema, "bado nataka kuibadili."

Mtu akifika hapo huna la kumwambia, unamwacha apite. Nasema tu, kwa anayesikia: chombo cha kubadilishia kiwe kile ambacho kikikulalia Nachingwea jioni, peke yako, mvua inatishia, unaweza kukisimamisha mwenyewe. Hayo mengine, sijui skrini ya rangi, sijui funguo ya kukaa mfukoni, yanavutia sana yakiwa mazima. Yakigoma yanataka kompyuta, na kompyuta iko mjini. Mmoja katika hawa wa Jumamosi alikaa wiki sijui ngapi anasubiri kifaa kidogo cha kuingia kiganjani kije kwa ndege, chombo kimefunikwa turubai, mwenyewe anakuja kijiweni kwa miguu na jaketi la pikipiki kalivaa vilevile.

Basi siku ikafika, Bosi akanunua. Na tusimnyime haki yake, alisikia. Hakuchukua kubwa, alichukua ya kati, moja ya hizi za CC 700 na kitu. Jina naliweka mfukoni, kampuni haijanikosea. Nyembamba, nyepesi, akaishusha shokapu kidogo miguu ikafika. Ile GS akaiuza palepale, na aliyeinunua ni nani? Wakili wa mtaa wa pili! Yuleyule. Chake kipya kimemchosha kwa miezi mitatu, akasema anarudi kwenye "kitu cha uhakika". Hapo hata kusonya niliacha, nikaomba maji.

Mnadhani ilibaki nyepesi? Wiki ya kwanza zikaja nondo za kukinga injini. Wiki ya pili sahani ya chuma chini ya tumbo. Kisha kibebeo cha masanduku, kisha masanduku yenyewe matatu, kisha taa za kummulikia shetani, galoni mbili za mafuta ya akiba pembeni, kana kwamba Chalinze hakuna sheli. Vijana wa bodaboda wakashindana kukisia uzito wake. Siku Bosi alipovifungua ili aioshe, wakavikusanya vyote kwenye toroli, wakavipeleka kwenye mzani wa mnunuzi wa chuma chakavu pale kona. Kilo arobaini na sita. Mfuko wa saruji umerudi, bado kilo nne tu. Mwenye mzani naye akauliza kama wanauza, akataja bei.

Na katika kelele zote hizi, tangu kahawa ya kwanza, kuna mtu mmoja ambaye hakuna aliyemkumbuka. Mwalimu hakumkumbuka, mimi sikumkumbuka, na mwenye mke hakumkumbuka: mama. Mama ndiye anayekaa nyuma. Safari zote za GS alikuwa nyuma, mgongo umeegemea lile sanduku lenye mto, siti pana, anasinzia Korogwe anaamka Mombo. Asubuhi ya safari ya kwanza ya kwenda Lushoto akatoka na kanga zake mbili na kofia mkononi, akakiangalia kile kipande cha siti cha nyuma. Akakiwekea kiganja. Kiganja kikaenea. Akamgeukia mumewe, hakupandisha hata sauti: "Baba nanihii, hiki ni cha nani?"

Hakupanda. Alikwenda kituo cha mabasi, akakata tiketi yake, akakaa dirishani. Basi lilipofika Mombo akachukua gari ndogo, akazipanda zile kona za mlimani, akafika Lushoto, akaoga, akala ugali na mboga za Usambaa, akalala kidogo. Bosi alikuwa bado Segera na afande: 64 kwenye kibao cha 50.

Jana mama kapita hapa kijiweni mwenyewe. Tukamwamkia, akaitikia, akanunua kashata, akauliza kama jambo la kupitishia wakati tu, ile ya zamani ilichukuliwa na nani. Tukamwambia. Akatafuna kashata yake hadi ikaisha.

"Mkimwona huyo wakili," akasema, "mwambieni siku akitaka kuiuza asimpitie baba nanihii. Aje kwangu."

"Wiki mbili nyingi, mama," kijana wa bodaboda akamjibu.